Barua kwa mwanangu aliyepewa shikamoo na bodaboda

Ngamiani, Tanga
Septemba 2025

Mwanangu, baba yangu,

Assalaam aleikum. Huku hatujambo. Kuku hawajambo, mjomba'ko hajambo ila anakohoa na hataki kuambiwa kwamba anakohoa. Ujumbe wako wa sauti wa juzi nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilicheka, ya pili nikacheka tena, ya tatu nikanyamaza. Ndiyo maana nimechukua kalamu. Ningepiga simu ningecheka, nawe ungekata. Nikimaliza, mtoto wa jirani ataipiga picha karatasi kwa karatasi akutumie. Ukiona herufi kubwa usidhani nakufokea, ni macho.

Unasema umezeeka. Miaka thelathini na mitano! Mashahidi wako ni goti lililovimba kwenye bonanza, kisha wale wenzako waliokupanga timu ya maveterani bila kukuuliza, na zaidi ya yote yule kijana wa bodaboda hapo Tabata, ndevu zimemfika kifuani, aliyekuambia, "Shikamoo mzee, twende?" Goti nilijua litapita. Maveterani nao niliwasamehe. Lakini ulipofika kwenye shikamoo sauti yako ilibadilika, nikamsikia yule mtoto wangu aliyenyimwa jezi.

Baba, shikamoo ya kwanza haisahauliki. Yangu siihesabu ile ya darasani. Nilianza kufundisha nina miaka ishirini na miwili, watoto sitini wakasimama kwa pamoja wakaniimbia "Shikamoo mwalimu", lakini ile ni ya kazi, kama kofia ya askari, unaivua ukitoka. Ya kweli ilinikuta soko la Mgandini. Nilikuwa na umri wako huu huu. Mbele ya meza ya dagaa amesimama mtu mzima, kichwa cheupe, nami nimeshafungua mdomo nimwamkie. Akaniwahi. "Shikamoo mama." Sikuitikia. Niligeuka nikaenda kununua dagaa meza ya mbali, wachache, na kwa bei ya juu. Mpaka leo sijajua kama yule baba alikuwa mdogo wangu kweli au alikuwa anatafuta wateja.

Kwa hiyo wewe angalau uliitikia marahaba. Umenishinda.

Ninachotaka kukuambia ni kwamba kwangu mimi utu uzima haukuingilia magotini. Uliingilia masikioni. Kwanza wanabadilisha wanavyokuita: jana dada, leo mama, kesho bibi, wala hakuna anayekuja kukutaarifu. Halafu, na hili ndilo lililonifanya ninyamaze mara ya tatu, unataja jina la mtu na hakuna anayekuitikia. Ulisema hivyo mwenyewe, tena kwa haraka, kama jambo dogo: kwamba ofisini kwenu mmemsikia mtu anazungumzia Tanga, ukasema "Wagosi wa Kaya", ukaanza kughani mistari yao, na wale vijana wakakutazama kama unayesoma tangazo la msiba.

Nimecheka kwa sababu hilo jina nimeliona likizeeka mara mbili.

Mwaka 2002 au 2003 hivi, ulikuwa unavaa kofia nyumanyuma na suruali ninayoweza kuingia mimi na baba'ko pamoja, unazunguka ua huu unaghani maneno ya wale vijana wawili wa kwetu. Ukaniambia, "Mama, hawa ndio Wagosi wa Kaya." Nikakuambia, Wagosi wa Kaya ni Coastal Union, timu yetu ya mpira. Ukanijibu kwamba nimepitwa na wakati. Nilikuwa na miaka arobaini tu! Nilikasirika kimoyomoyo, lakini niliwasikiliza wale vijana, nikawapenda, maana walisema ya hospitali na ya mji wetu kwa lafudhi yetu hii hii ambayo watu wa Dar wanaicheka. Sasa wewe unalalamika kwamba vijana wa ofisini hawawajui, wanajua Coastal tu, tena kwa sababu wameiona kwenye ratiba ya ligi. Basi jina limerudi lilikotoka. Na kabla ya mpira bibi yako Mbondei alikuwa akilitumia kwa maana yake ya nyumbani: wagosi ni wanaume, kaya ni nyumbani. Kwake yeye Wagosi wa Kaya walikuwa babu yako na kaka zake wamekaa barazani wanasubiri ugali.

Mjukuu wangu naye kanipa somo likizo iliyopita. Kwenye redio alikuwa akiimba Khadija Kopa, nikaongeza sauti, nikaanza kujibu mipasho huku nachambua mchele. Mtoto akasikiliza kwa makini, akasema, "Bibi, huyu si mama yake Zuchu?" Nikaweka ungo chini. Mwanangu, Khadija Kopa! Mwanamke ambaye akipanda jukwaani mashoga tulikuwa tunatazamana kuona nani leo anapigwa kijembe. Leo anaitwa mama yake Zuchu. Nikataka kumweleza, nikaona aah, mwache. Si kweli kwani? Ndiye mama yake. Na yule binti ana sauti, siwezi kumtia kasoro, ingawa nyimbo zake zinaisha kabla sijakaa vizuri. Taarabu ya Black Star na Lucky Star hapa Tanga ilikupa nafasi ya kwenda kutunza, ukarudi, ukakaa, ukanywa soda, na Shakila Said bado yuko ubeti wa tatu. Nakumbuka wazee wetu walivyowalaumu Black Star kwa yale magita, eti wanaharibu taarabu, taarabu ni ya kukaa na kusikiliza na hawa wanataka watu wacheze. Kwa hiyo nikitaka kuulaumu muziki wa siku hizi namsikia marehemu shangazi kinywani mwangu, nanyamaza. Singeli tu ndiyo siwezi. Moyo wangu una presha, dokta amekataza kushtuka.

Babu yako, ambaye jina lake unalo wewe, alikuwa muuza kahawa. Unalijua lile dele la shaba lililoko juu ya kabati. Alikuwa akipita Ngamiani barabara kwa barabara, anagonga vikombe, na siku za mechi anakwenda kusimama nje ya uwanja wa Mkwakwani. Mimi namfuata kushika kashata. Hakusoma, lakini kichwa chake kilikuwa daftari. Februari 1974, nina miaka kumi na miwili, redio ikasema Filbert Bayi ameweka rekodi ya dunia kule Christchurch, mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, amemwacha John Walker wa New Zealand nyuma, kwao, mbele ya watu wao. Baba hakuuza kahawa siku ile, aliigawa. Kilichomfurahisha zaidi ya rekodi ni namna alivyokimbia, kwamba aliongoza tangu mwanzo, hakujificha nyuma ya mtu. Miaka na miaka baadaye, mtu akimletea maneno ya kuzungukazunguka kwenye kijiwe, baba anamwambia, "Kimbia kama Bayi, tukuone."

Nimemsimulia mjukuu kisa hiki chote, na nilivyo mwalimu, nilisimama nikamwonyesha kwa mikono. Akanisubiri nimalize, akasema kwa upole, "Bibi, Filbert Bayi ni shule. Iko Kibaha."

Haya. Ni shule, kweli. Tena mwenyewe ndiye aliyeianzisha, kwa hiyo mtoto hajakosea. Lakini nilikaa jioni ile nikiwaza kwamba mtu anaweza kuwa upepo, akaja kuwa kibao cha barabarani. Kama ule uwanja wenu wa Dar. Mimi nauita Uwanja Mpya mpaka leo, na mpya wenyewe umefunguliwa 2007. Nyie mnasema "kwa Mkapa", kana kwamba Mzee Mkapa anawakaribisha chai.

Mwezi wa tano mwaka huu ulinipigia mara mbili, kumbuka. Mara ya pili ni ile tarehe 25, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Simba walipotoka sare ya bao moja kwa moja na Berkane pale Amaan, Zanzibar, na kwa yale mawili waliyofungwa Morocco kombe likaenda. Ulikuwa huwezi hata kusema vizuri. Nilikufariji kama mama, lakini nikikata simu nilitikisa kichwa. Mtoto wa Mkwakwani kwenda Dar kuwa Simba, na mimi nimpe pole! Halafu hiyo pole nilishaitoa. Mwaka 1993 mjomba'ko alikaa kwenye kiti hicho hicho. Simba walikwenda Abidjan wakatoka bila kufungana na Stella, kila mtu akasema kombe limekuja nyumbani, wakaja kufungwa mbili hapa hapa Dar. Mjomba'ko hakula siku mbili. Wewe ulikuwa na miaka mitatu, ulikula sahani yake.

Mara ya kwanza uliyopiga mwezi ule ilikuwa kuniuliza kama ninaumwa, kwa sababu mjomba alikuambia nimejifungia chumbani. Sikuumwa. Alikuwa amefariki Charles Hilary. Sikukueleza vizuri siku ile maana niliona aibu, mtu mzima kumlilia mtangazaji ambaye hajawahi kunijua. Sasa ngoja nikueleze.

Wewe mpira umeuona kwa macho. Televisheni ilipokuja bara, 1994, ulikuwa mdogo bado, kwa hiyo kwako mchezaji ni sura, na kiatu, na nywele alizonyoa. Mimi wachezaji wengi niliowapenda sijawahi kuwaona. Niliwajua kwa sauti ya Radio Tanzania. Ahmed Jongo akisema mpira unaambaa ambaa pembeni, mimi niko jikoni naupua chungu, nauona unavyoambaa. Charles Hilary akipandisha sauti tunaacha kila kitu. Mabao yote yalikuwa mazuri kwa sababu yalikuwa yamefungwa ndani ya vichwa vyetu. Tulibishana rangi ya viatu vya mtu ambaye hakuna kati yetu aliyemwona! Kwa hiyo alipokufa yule mtangazaji, kwangu hakufa mtu mmoja. Uwanja mzima ulizimwa taa. Niliwataja wachezaji wale mmoja mmoja chumbani, kwa sauti ndogo, nikaona nani atakayenijibu? Baba amekwenda. Baba'ko amekwenda. Mjomba'ko ni African Sports, ile timu nyingine ya hapa Tanga, akijibu anajibu kwa ubishi.

Basi nikatoka nikaenda kupika.

Usinione mnyonge lakini. Bado naenda kibandaumiza kutazama mpira na wenzangu. Najua ulinikataza, ukanilipia king'amuzi nikae nyumbani, na nashukuru, taarifa ya habari naitazama. Ila mpira wa kutazama peke yako ni kama kula pilau peke yako, unashiba tu. Mara ya kwanza nilipokwenda ni Julai 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho, Coastal na Yanga, wanachezea Arusha. Nilijifunga kanga mbili, nikasimama mlangoni, nikatoa pesa yangu kama wengine. Kelele zote zikakatika. Wakadhani nimekuja kumtafuta mtoto! Kijana mmoja akainuka kiti cha mbele akasema, "Bibi, kaa hapa." Bibi. Mara hii nilikaa. Kiti cha mbele ni kiti cha mbele.

Na Mungu akanilipa, maana siku ile Abdul Suleiman, Sopu wetu, alifunga mabao matatu. Matatu, peke yake, kwenye fainali, mbele ya Yanga! Kila akifunga wale vijana wananirukia mimi, sijui kwa nini, kana kwamba nimemzaa. Ikawa tatu kwa tatu, penalti zikatutoa, nne kwa moja. Nikarudi nyumbani sauti imekauka, kanga moja imepotea, mjomba'ko ananingoja barazani anacheka. Yeye na African Sports yake! Nikamwambia hata kufungwa fainali ni mpaka ufike fainali.

Ukweli mtoto akichanua hapa anachukuliwa, Sopu akaenda Azam mara moja. Lakini mwaka huu, Agosti 2, CHAN ilipofunguliwa hapo kwenu, Taifa Stars na Burkina Faso, penalti iliyoleta bao la kwanza akapiga nani? Nilisimama nikasema, "Huyo amepita mikononi mwetu." Na nikaona kitu kidogo ambacho sikukuambia. Yule kijana aliyenipa kiti mwaka 2022 alikuwa hapo, amekaa na wadogo ambao hawajui ile fainali ya Arusha. Akawa anawasimulia, mabao matatu, bao kwa bao, kwa mikono, vile vile ninavyomsimulia mjukuu habari za Bayi. Mmoja akawa anachezea simu, hamsikilizi. Yule kijana akanigeukia akasema, "Si nawaambia kweli, Bibi?" Nikasema kweli tupu, nilikuwepo. Hana hata miaka ishirini na mitano, na tayari anatafuta shahidi.

Nikakuwaza wewe na mistari yako ya Wagosi wa Kaya ofisini.

Mimi 1988 Coastal walipochukua ubingwa wa Bara nilikuwa na miaka ishirini na sita. Sijui nikueleze vipi. Huku sisi tulishazoea kwamba kombe ni la Dar, watu wa mikoani tunapeleka wachezaji na machungwa. Miaka miwili kabla Tukuyu Stars walitoka Mbeya huko wakalichukua, tukaona kumbe inawezekana. Ilipokuwa zamu yetu babu yako alibeba dele kwenye baiskeli, akanipandisha mwalimu mzima nyuma, tukazunguka mji mpaka Raskazone, anagonga vikombe usiku, hauzi, anagonga tu. Nilikuwa nimechumbiwa, naona haya nisionekane. Leo ningelipa fedha nionekane.

Hiyo ni miaka thelathini na saba. Ubingwa mwingine hatujapata. Watu wananiambia nihame, nishabikie timu yenye makombe, kama wewe. Nitahamia wapi mimi? Mwaka jana ligi tulimaliza nafasi ya nne tukaenda kucheza Afrika, Waangola wakatutoa mapema, sawa. Nne pia ni namba.

Sasa goti. Usilichue kwa maji ya moto wiki ya kwanza, weka baridi, na umwambie mkwe wangu akufunge bandeji, si wewe mwenyewe unayefunga kama kifurushi cha sukari. Likipoa rudi uwanjani na hao maveterani. Samatta umemzidi miaka miwili tu, na yuko Ufaransa anacheza, hakuna anayempigia shikamoo golini. Na yule bodaboda akikuamkia tena muulize amezaliwa lini kabla hujaitikia, asije akawa kama yule muuza dagaa wangu.

Jambo langu jingine ni ombi. Mwezi ujao Coastal wakiwa nyumbani nataka unipeleke Mkwakwani. Sijaingia tangu baba'ko afariki. Niliogopa ngazi za jukwaa, nikaogopa pia kukaa pale na kutaja majina peke yangu kama mwehu. Uje na mtoto. Nitawataja, wewe utanijibu wale unaowajua, wa kwako utawaimba, na yeye atatusahihisha. Mjomba'ko nimemwambia, amesema mechi ya Coastal haendi hata kwa kubebwa, kisha akauliza ni Jumamosi au Jumapili.

Dele nimelipeleka kwa fundi likazibwe tundu. Kashata nitapika. Wewe njoo na betri nne kubwa za redio, za hapa siku hizi hazidumu hata kipindi cha kwanza. Ndiyo, uwanjani naingia na redio. Mpira kwa mbali siuoni tena vizuri, nitaiweka sikioni, anieleze mtangazaji.

Mama'ko